Waliomjibu Ninga

Ulisikia ukanyamaza. Usiseme hukusikia, masikio unayo mawili, na mlima wa Mingole unauona kila ukifungua dirisha. Ulipotangaziwa kwamba ninga, wale njiwa wa kijani wa Mingole, wameongezeka, ulipiga makofi. Ulipotangaziwa kwamba watu wa Mingole wataondolewa ili ninga wapumue, uligeuza shingo ukakoroga chai yako. Hukuuliza hata mara moja: ni nani aliyewaona hao ninga? Hukuuliza kwa sababu ulihofia jibu lingekunyanyua kwenye kiti.

Haya, kaa. Kaa hapohapo usikilize habari ya Leokadia Banzi, kwa maana habari hii inakuhusu wewe kuliko unavyopenda.

Leokadia alikuwa mtunza masikio. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, Konstansia, tangu Mamlaka ya Uhai ilipopigilia vikombe mia moja na arobaini vya kijivu kwenye miti ya Mingole. Kila kikombe kilikuwa sikio. Yeye alipanda mtini na kamba kiunoni, akafuta ukoga, akatoa buibui, akashuka, akaenda kwenye mti mwingine. Mvua ya mlima ule haina msimu. Ilikuwa ikimwingia shingoni na kumtokea miguuni kila siku ya Mungu.

Asubuhi ile alikuwa juu ya mkuyu wa Bonde la Chini, kibao cha hesabu, kilichopokea namba kutoka mjini, kikining'inia kifuani, aliposoma namba ya siku: 263.

Ilikuwa siku ya tatu mfululizo juu ya mia mbili. Kila mtu wa Mingole aliijua sheria ya namba kama anavyojua jina la mama yake. Mlima wenye ninga chini ya ishirini siku tatu mfululizo huitwa Mfu, na mlima Mfu hufunguliwa kwa wenye misumeno. Kati ya ishirini na mia mbili, mlima ni wa Pamoja, watu na ndege wanaishi kama walivyozoea. Ukipita mia mbili siku tatu vilevile, mlima ni Kiini. Kwenye Kiini haruhusiwi kulala binadamu.

Wenye kumbukumbu wanajua maana yake. Bibi yake Leokadia alitolewa Mingole ya Juu kwa sababu ya mpaka uliochorwa na mtu asiyewahi kufika. Nyumba zilichomwa, na magunia ya mbegu yakiwa ndani. Jina la aliyewasha kiberiti halikuandikwa popote, lakini huku mlimani watu wanalo.

Hesabu yenyewe ilifanywa hivi. Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, mlingoti uliosimama mgongoni mwa mlima ulipiga mwito: sauti ya dume la ninga iliyonaswa kabla Leokadia hajazaliwa. Mluzi unapanda, unaporomoka kama maji ya kijito, unaishia kwa mkwaruzo wa bawaba kavu. Ninga ni mwoga, hujificha majani ya juu, lakini akiitwa na mwenzake hushindwa kujizuia. Hujibu. Masikio yakanasa majibu, yakayatuma mjini kwenye mashine iliyoitwa Ubongo, nao Ubongo ukatenganisha sauti na sauti, ukatoa namba. Namba ikatoa amri. Hakuna mkono wa mtu uliopita katikati, na Mamlaka ilijivunia hilo.

Kitu kimoja Mamlaka haikukijua, au ilijifanya haikijui. Watu wa Mingole humjibu ninga.

Ndivyo walivyolelewa. Ninga ndiye wa kwanza kujua kuyu zimeiva. Akiziona huita, na aliyesikia hukunja jani mara mbili, huliweka mdomoni na kumrudishia mluzi uleule, kumwambia: tumesikia, kula kwanza, sisi tunakuja. Kutomjibu ni sawa na kusalimiwa ukapita kimya. Mtoto wa Mingole hufundishwa mluzi huo kabla hajafundishwa shikamoo, na kila mmoja huupinda kidogo kwa namna yake, hata ukisikia tu unajua huyu ni fulani wa nyumba fulani. Na Ubongo, siku ulipofundishwa ninga analiaje, ulifundishwa kwa sauti zilizonaswa Mingole. Watu wanaomjibu walikuwamo ndani yake tangu mwanzo.

Ilikuwa imepita miaka sita Leokadia hajamwona ninga kwa macho. Pale juu ya mkuyu, namba ikimtazama, ndipo alipojiuliza kwa mara ya kwanza alimwona lini, na yeye ndiye mtunza masikio! Akaanza kurudisha kurasa za kibao, siku baada ya siku. Mia mbili arobaini. Mia mbili na tisa. Mia moja themanini. Halafu, miezi mingi nyuma, ghafla, 1.

Aliitambua tarehe ile. Ilikuwa siku waliyomzika mama yake.

Alfajiri ya siku ya maziko, Mingole hakuna anayepiga mluzi mpaka kaburi lifukiwe. Akatafuta siku waliyomzika Bonifasi mfua vyuma: 3. Siku ya mapacha wa Gaudensia: 9. Akarudi nyuma zaidi. 22. 41. Kila walipozika mtu, mashine ilikuwa imewahesabia ndege kwa haki, na hakuna aliyesoma.

Alishuka mtini taratibu, akakaa kwenye matope.

*

Mjomba wake, Apolinari, ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo wa mama yake. Leokadia alimkuta barazani akipukuchua maharage, redio ikikoroma pembeni yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umelowa kama kuku aliyenusurika sufuria? Ingia jikoni kuna moto."

"Mjomba, leo alfajiri ulimjibu ninga?"

"Nimemjibu. Na jana. Na siku uliyozaliwa wewe, mama yako akipiga kelele humo ndani, nilitoka nikamjibu." Akatupa ganda. "Kwani Mamlaka sasa wanataka tuombe kibali?"

"Ulimwona?"

"Ninga haonekani, anasikika."

"Zamani tulikuwa tunawaona. Kijani mgongoni, kifua zambarau, tumbo njano kama kiini cha yai, na kile kibandiko chekundu utosini. Walikuwa wakijaa mkuyuni mpaka tawi linainama. Uliwaona lini mara ya mwisho?"

Apolinari alipukuchua ganda moja, la pili, la tatu.

"Unajibu spika, mjomba. Wote tunajibu spika, na mashine inatuhesabu sisi. Watoto wakiongezeka, ninga wanaongezeka. Ndiyo maana tumepita mia mbili."

"Najua ni spika."

"Unajua?"

"Mimi ni mzee, si kiziwi. Sauti ileile kila siku, haipigi chafya, haichelewi. Najua." Akamtazama kwa macho makavu. "Sasa ulitaka aite peke yake mlima mzima, asijibiwe na mtu?"

*

Dokta Sendalo wa Mamlaka alipanda siku ya tatu, na viatu vyake vilifika na matope kidogo sana kwa safari ile. Alibandika amri kwenye mlango wa ofisi ya kijiji: watu mia nne na kumi na wawili, siku thelathini, waende tambarare. Filotea, mwuza vitumbua ambaye mdomo wake haukuwahi kukopesha mtu heshima, alisoma kwa sauti, akamgeukia.

"Dokta, huko tambarare mmetuwekea nini? Maana vitumbua vyangu havipikwi kwa jua."

"Mama, mtapewa viwanja."

"Bibi yangu aliahidiwa kiwanja. Bado anakisubiri, na yumo kaburini."

Watu wakacheka kile kicheko kisicho na furaha. Leokadia akamvuta Dokta nyuma ya ofisi, akamfungulia kibao, akamwonyesha siku za maziko moja baada ya nyingine. Sendalo hakushtuka. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Dada Leokadia, una akili. Lakini fikiria mpaka mwisho. Ukinipa hesabu ya kweli, kesho Mingole ni Mfu. Wenye misumeno wameshapiga kambi kule chini, wanasubiri mlima wowote uanguke. Miti ikienda, kijito kinakwenda. Mtabaki hapa kwenye nyumba zenu, sawa, mkitazama udongo mtupu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Miaka minne. Unadhani ni ninyi tu? Kihonde pale ng'ambo wanajibu pia, si ndugu zenu mliooleana? Namba yao mia moja sabini na nane. Nani Kihonde amemwona ninga?" Akafunga koti. "Wakubwa wangu wanapenda namba. Wananchi wanapenda namba. Ninga mwenyewe hajawahi kulalamika."

"Na Kifungu cha Tisa?"

Leokadia hakusoma chuo, lakini kile kitabu cha sheria kilichokuja pamoja na masikio alikuwa amekisoma chote, juu ya miti, akisubiri mvua ipungue. Kifungu cha Tisa kinasema hesabu ya macho huishinda hesabu ya masikio. Watu wawili wakimwona ninga wa mwisho na kutia dole gumba, misumeno husimama siku ishirini na moja ili atafutwe mwenza. Mwenza akionekana kwa macho kwenye mlima mwingine, na watu wawili wa huko wakatia dole, milima yote miwili inakuwa ya Pamoja milele, na waliowaona ndio walinzi wao. Asipoonekana, mlima ni Mfu.

"Kile tulikiandika kiwe pambo," Sendalo alisema. "Hajakitumia mtu. Nani atatia dole kwenye kaburi la kijiji chake, akitegemea jirani?"

*

Kijiji hakikutaka kaburi wala tambarare. Mkutano ulikaa tangu asubuhi hadi watu walipoanza kupigana vikumbo kwa njaa, na aliyeleta ufumbuzi alikuwa Filotea. Kama mashine inawahesabu watu, basi watu wajihesabu wenyewe. Wapige mluzi watu tisini tu, kwa zamu, nyumba kwa nyumba, wengine wafunge midomo.

Leokadia ndiye aliyeandika orodha ya zamu. Msimlaumu peke yake. Na wewe ungeandika. Siku ya kwanza ya zamu namba ilisoma 91. Amri ikajifuta yenyewe. Ngoma zikatoka, mbuzi wakachinjwa, Filotea akagawa vitumbua bure, jambo ambalo waliokuwapo hadi leo wanalisimulia kama muujiza.

Lakini Leokadia hakula. Alikuwa akiifikiria ile moja iliyozidi tisini.

Siku ya sita ya zamu, kulipopambazuka, Apolinari alimtumia mtu: njoo mbio.

Alimkuta mjomba amesimama uani, jani mkononi, amekauka kama mti. Juu ya banda la kuku, hatua nne kutoka kwake, alikuwa ametua ninga.

Dume. Kifua cha zambarau kilikuwa kimepauka, na mfupa wake ulichomoza katikati kama makali ya kisu. Kibandiko chekundu utosini kilikuwa bado kinang'aa, kama kaa la moto lililosahauliwa kwenye majivu. Alitutumua kifua. Akainamisha kichwa mara tatu, kama wanavyofanya madume mbele ya jike. Akasubiri. Alimtazama Apolinari usoni, jicho moja, kisha la pili.

Mluzi ukalia nyumbani kwa Filotea. Ilikuwa zamu yake. Ninga akaruka kwenda huko. Leokadia alimfuata mbio. Akamwona akitua kwenye mhimili wa jiko, akitutumua kifua, akiinama mara tatu. Filotea alikuwa amempa mgongo, akikoroga unga, na jani mdomoni. Mluzi mwingine ukalia kwa Melkiori. Akaruka. Mwingine kisimani. Akaruka. Watu tisini walimwita asubuhi ile, naye alikwenda kila alikoitwa, na kwenye mikuyu kuyu zilikuwa zimeiva, zinaanguka chini zenyewe, hajapata nafasi ya kula hata moja.

Aliporudi, mjomba alikuwa amekaa chini, amelitupa jani, anasukutua mdomo kwa maji kama aliyekula kitu kilichooza.

"Leokadia," alisema, "yule anatuzunguka kila siku?"

"Nadhani kila siku, mjomba. Tulikuwa mia mbili sitini. Sasa angalau ni tisini."

"Miaka yote hii nilidhani namfariji." Akatema maji. "Amekuja kunitazama usoni. Ameitwa, amefika, amekuta hakuna mtu wake. Halafu akaniinamia, mimi, mwenye ndevu."

Akajifuta mdomo kwa mkono, akaunyoosha.

"Kile kitabu chako. Dole gumba linatiwa wapi?"

"Mjomba, tukitia dole, amri ya Mfu imo ndani yake. Siku ishirini na moja tu. Kihonde wasipojitokeza, tumeua kijito. Tumeua kijiji. Filotea atanitemea mate."

"Atakutemea, ana shabaha. Na tusipotia?"

Leokadia alifikiri mpaka mwisho, kama Dokta alivyomwagiza. Tusipotia, namba itasoma tisini na moja, na ndege akifa itasoma tisini, na hakuna atakayejua. Mlima wa Pamoja, wa watu na sauti ya spika. Na kama Kihonde kuna jike, mmoja tu, naye anarushwa nyumba kwa nyumba na mluzi wa mashemeji zetu, hakuna atakayemtafuta, kwa sababu namba inasema wako mia moja sabini na wanane. Tumewafunika hawa wawili kwa adabu yetu. Kila upande unaficha wa kwake, na kila upande unasema tunawapenda.

Akakifungua kibao. Ukurasa wa Hesabu ya Macho ulikuwa mweupe, haujaguswa tangu kibao kilipotengenezwa. Akaandika: ninga, dume, mmoja. Akatia dole gumba. Apolinari akatia lake, lenye vumbi la maharage. Kibao kikalikataa mara mbili, akalipangusa kwenye shati, kikalikubali.

*

Filotea alimtemea mate kweli, mbele ya kanisa. "Umetuuza watu mia nne kwa kuku wa msituni!" Hakuna aliyemkemea. Wapo waliohamisha mabati yao siku hiyohiyo, wakashuka bila kuaga. Wapo waliotaka kumvunja Apolinari miguu, wakamkuta amekaa barazani na kiti cha pili kimewekwa tayari kwa ajili yao, wakarudi.

Leokadia alipanda mgongoni mwa mlima, akachomoa waya wa mlingoti. Tangu siku hiyo hakuna mwito, na Mingole haipigi mluzi. Wanakaa kimya kama siku ya maziko, waliokubali na waliokasirika, ili yule dume akiita asikie kama kuna anayemjibu kweli.

Anaita. Kila alfajiri, kwenye mkuyu wa Bonde la Chini. Amekula, ameanza kunenepa. Anaita, ananyamaza, anageuza kichwa upande wa Kihonde, anasikiliza. Kutoka Kihonde zinakuja sauti mia moja sabini na nane kwa mpigo, na upepo ukiwa mzuri anazisikia zote. Juzi aliruka kuelekea huko, akafika katikati ya bonde, akachanganyikiwa, akarudi.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Malori yako chini ya mlima. Mchana, upepo ukigeuka, Leokadia anasikia minyororo ya misumeno ikinolewa.

Sasa na wewe. Ndiyo, wewe, kwenye kiti, ambaye dirisha lako linatazama Mingole. Wewe ni wa Kihonde. Ulidhani kuna Kihonde nyingine? Mluzi wako unafika huku, tunaujua, tunaweza kukutaja jina kwa namna unavyoupinda mwishoni. Kesho alfajiri usiupige. Mwambie jirani asiupige, na jirani amwambie jirani. Zimeni spika yenu, mfunge midomo asubuhi moja tu, muone kama kuna jike anayelia peke yake kwenye mikuyu yenu. Usitume mtoto, usingoje Mamlaka. Nenda mwenyewe, na mtu wa pili, mkatazame kwa macho. Mkimwona, tieni dole.

Zimebaki siku tisa. Simama.